Saa Isiyo na Pile

Saa ya mkononi isiyo na pile haitembei. Hilo halina ubishi, na mtu asikudanganye. Pile ni ile betri ndogo ya mviringo, kama kifungo cha shati, inayokaa mgongoni mwa mashine. Ukiitoa, saa inabaki bangili tu. Djamila, fundi wa saa wa pale Kasongo, alilijua hilo tangu utotoni, maana baba yake naye alikuwa fundi. Kwa hiyo aliposikia tik, tik, tik kutoka kabatini, adhuhuri kweupe, jua limesimama juu ya mabati, hakujiuliza kama alisahau kuitoa pile. Alikuwa ameitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Alifungua kabati. Saa ya marehemu mumewe ilikuwa palepale alipoiweka, juu ya kanzu zilizokunjwa. Aliigeuza, akachokoa mfuniko wa nyuma kwa ncha ya kisu. Kitundu cha pile kilikuwa kitupu. Akaigeuza tena. Mshale wa sekunde ulikuwa unatembea, hatua moja, hatua moja, bila haraka, kama mtu anayekwenda shambani kwake.

Mwingine angepiga ukelele. Mwingine angeirusha hadi uani kwa jirani, na mimi nisingemlaumu. Djamila alirudisha mfuniko, akafunga kabati, akaenda kupepeta mchele. Usifikiri alikuwa jasiri, wapi! Tangu ile siku ya habari mwanamke huyu hakuwa na hofu, hakuwa na njaa, hakuwa na machozi. Alikuwa amekufa ganzi kuanzia unywele hadi unyayo. Saa kutembea bila pile aliiona kama mvua inayonyesha mtaa mwingine.

Sasa nikwambie habari yenyewe ilikuwa ipi.

Mumewe, Alimasi, alikuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wa upande wa Lusangi, kule Kabambare, na kuja kuiuza Kasongo. Kila anapoondoka, pikipiki imeshawashwa nje, alikuwa akimnyoshea mkewe mkono wa kushoto. "Nifunge," anasema. Djamila anamfunga saa. Mkono wa Alimasi ulikuwa mwembamba kuliko mikanda yote ya sokoni, hadi mkewe akamtobolea tundu lake la pekee kwa sindano ya moto, mbali kabisa na mengine, na kila mara alimtania kwamba yeye ameolewa na kuku. Basi ile mara ya mwisho alimfunga, mume akaenda. Huko akashuka shimoni kuona jiwe kwa macho yake, maana Alimasi hakuwa mtu wa kuambiwa, na mlima ukashuka juu yake. Mwili haukupatikana.

Aliyeleta habari ni Bisimwa, mchimbaji aliyetoka Bukavu kutafuta maisha, rafiki wa marehemu. Alifika kwa pikipiki, matope hadi kwenye nyusi. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akakataa kiti.

"Tulichimba, mama," alimwambia Djamila. "Tulichimba mpaka mikono ikatoka damu. Mutu hatukumuona. Tuliona hii tu."

Akaitoa saa mfukoni. Ilikuwa imesimama, imejaa udongo mwekundu. Lakini mkanda wake ulikuwa umefungwa. Haukukatika wala kufunguka. Ulikuwa umefungwa vizuri, kwenye lile tundu la pekee, na ndani yake hakuna mkono.

"Mulifunga nyinyi?" aliuliza mama mkwe wa Djamila, Mama Aziza, ambaye wajukuu humwita Koko, na mtaa mzima nao unamwita hivyo.

"Hapana, Koko. Tuliikuta vile." Bisimwa alishusha sauti, akaangalia nyuma yake ingawa nyuma yake palikuwa na pikipiki tu. "Kule kwetu mutu hashuki na saa mu shimo. Mwenye shimo hapendi. Yeye kule chini hana asubuhi, hana magaribi, sasa wewe unamupelekea tik-tik ya nini? Nilimwambia Alimasi. Alinicheka."

"Mwenye shimo ni nani?"

"Koko, tafazali. Usinitajishe jina."

Alipoondoka, Koko aliishika saa kwa upindo wa kitenge. "Mama Aicha, hii usiitengeneze," alimwambia mkwewe. "Kaa eda yako kwanza, iishe. Saa ya marehemu iache ilale."

Djamila akaitikia ndiyo, mama. Na hapo ndipo alipoingia ndani kukaa eda, kama ilivyo kwa mjane yeyote wa Kiislamu: hatoki kwenda sokoni, hajipaki hina, havai ya kumeremeta. Meza yake ya saa ikatolewa sokoni ikawekwa kando ya dirisha la chumbani. Watu wakawa wanampitishia saa zao kwa Koko: walimu wa shule, madereva wa taksi-moto, yaani pikipiki za abiria, wazee wa msikitini wasiotaka kuchungulia simu wakiwa kwenye safu. Mwanamke unaweza kumfungia ndani. Mikono yake je? Mikono ya Djamila haikujua kukaa eda. Saa nyingine zilipokwisha, na siku haijaisha, mikono hiyo ikaenda yenyewe kabatini ikaichukua ile ya Alimasi.

Aliifungua. Akatoa mashine kwenye ganda lake, akaipuliza vumbi, akasugua matope kwa brashi laini, akiyaepuka yale mazingo ya waya wa shaba wanayoyaita bobine, kwa sababu waya wake ni mwembamba kuliko unywele, na ukiukwaruza mara moja saa imekufa. Akatoa pile kwa pense ya plastiki, kile kibano cha mafundi. Juu yake palikuwa na mkwaruzo wa sindano, alama aliyoitia mwenyewe siku alipomwekea mumewe.

Mafundi wenye uwezo wana kidude cha kupimia pile. Djamila alikuwa na ulimi. Pile iliyo hai ukiigusisha ulimini ubavu wake, inauma kidogo, kitu kama ndimu yenye sindano. Iliyokufa haisemi kitu. Huo ulikuwa pia mchezo wake na binti yake, Aicha, mtoto wa pekee, ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanang'oka. "Inauma?" mama anauliza. "Inauma!" mtoto anaruka na kucheka, anataka tena. Koko alikuwa akiwafokea wote wawili kila siku, na kila siku bure.

Basi siku hiyo Djamila aliigusisha pile ya Alimasi ulimini mwake. Hakusikia kitu. Lakini hakuuamini ulimi wake. Tangu siku ya habari hata chumvi haikuwa na ladha kwake, ugali na sombe vilikuwa kama karatasi iliyolowa. Ndipo akafanya jambo ambalo ni mwanamke fundi tu, mjane, mwenye mtoto aliyemzoesha hivyo, angeweza kulifanya. Akamwita Aicha.

"Njoo unionjee, mama. Inauma?"

Aicha akatoa ulimi. Akakaa nayo. Akafikiri.

"Haiumi, mama," alisema. "Iko tamu."

Akatoa ulimi tena, anaomba nyingine.

Pile kuwa tamu! Ni nani amewahi kusikia? Mama mwenye akili zake angeshtuka papo hapo, angemwosha mtoto mdomo, angemwita Koko. Djamila alisema tu moyoni kwamba pile imekufa, akaitupa kwenye kopo la pile zilizokufa. Nyingine hakuweka, kwa kuwa saa isiyovaliwa ukiiachia pile ndani, pile inavuja na kuila mashine. Akaifunga saa tupu, akairudisha juu ya kanzu. Ndiyo hiyo aliyokuja kuisikia ikitembea.

Tangu siku ile Aicha akawa mtoto mzuri mno. Kabla ya hapo, kila jioni pikipiki zikianza kurudi mjini, alikuwa anakimbilia mlangoni, na baba asipotokea analia hadi anapatwa na kwikwi. Sasa pikipiki zinapita, yeye amekaa mkekani, mikono mapajani. Wanawake waliokuja kutoa pole walimsifu. "Mungu amemufariji," Koko aliwaambia, akifuta macho. Na Djamila, nisimfiche, aliona nafuu. Kilio cha mtoto kila jioni kilikuwa kinagonga mlango ambao yeye hakutaka kuufungua.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa kiangazi, nje vumbi linaingia hadi kwenye chai, lakini ndani ya nyumba adhuhuri kukawa kunanuka udongo mbichi, udongo wa chini sana, baridi, kama kisima kilichofunuliwa. Koko alizunguka vyumba vyote akinusa. "Nani amechimba humu ndani?" alinung'unika. Aliinua mikeka, akafukua nyuma ya mapipa. Djamila ndiye aliyejua inatoka wapi, kwa sababu Aicha alikuwa amelala mapajani mwake, na kila alipopiga mwayo harufu ilizidi.

Alijua, akaendelea kumsuka nywele.

Siku ya ndizi ndiyo iliyoamsha nyumba. Koko alikuwa uani, anachoma ndizi juu ya mbabula, lile jiko la makaa, na kaa moja la moto likaanguka chini. Aicha akaja pekupeku kuleta sahani. Akalikanyaga lile kaa. Akasimama juu yake. Akamnyoshea nyanya yake sahani kwa mikono miwili, kwa adabu, kama alivyofundishwa, akasubiri. Koko alinusa nyama kabla hajaelewa. Alipoelewa alipiga yowe lililoleta majirani, akamnyanyua mtoto, na kaa likaja pamoja na unyayo.

Aicha aliutazama mguu wake. "Ni nini?" aliuliza.

"Lia, mutoto wangu!" Koko alikuwa anamwagia maji. "Lia, tafazali! Lia!"

Mtoto alimtazama bibi kizee huyo analia, akamgusa chozi kwa kidole kwa udadisi, akaliramba.

Djamila alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Alijua kwamba mama anayeona jambo kama hilo moyo wake hupasuka. Alilijua kama unavyojua jina la mto ambao hujawahi kuufikia. Aligeuka akaenda kabatini, akaitoa saa, akaketi nayo mezani, akavaa kile kioo cha kukuza jichoni. Kwa mara ya kwanza akajiuliza swali ambalo fundi alipaswa kujiuliza tangu mwanzo.

Kwa maana saa ya namna hii si uchawi. Ndani yake kuna kijiwe kidogo cha kwatsi, na pile inapokisukuma kijiwe kile kinatetemeka, kinatetemeka sawasawa bila kuchoka, na kijisahani cha umeme kinayahesabu matetemeko hayo na kila sekunde kinaipigia bobine, bobine inavuta, gurudumu linageuka hatua moja, mshale unasogea. Kijiwe hakina nguvu zake. Bobine haina nguvu zake. Vyote vinakula kutoka mahali pamoja, na mahali hapo palikuwa patupu. Kwa hiyo saa hii inakula nini?

Akamwita Aicha, akamkalisha mapajani, mguu umefungwa kitambaa, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili. Tik, mshipa ukapiga. Tik, ukapiga. Tik. Alingoja vipishane, kama mishipa ya mtoto yeyote inavyokwenda mbio kuliko saa, na havikupishana.

Alivuta kitufe cha pembeni, kile cha kurekebishia saa, ambacho ukikivuta mshale lazima usimame. Haukusimama. Akafungua mfuniko, akachukua pense, safari hii ile ya chuma, akaipeleka kwenye bobine ili aukate ule waya mwembamba na kuimaliza kazi, na ncha ya pense ilipougusa tu waya, bado haijaukata, Aicha akaacha kupumua. Hakuhangaika, hakushika koo. Kifua kilisimama tu, macho wazi, midomo ikaanza kuwa ya rangi ya majivu, na Djamila alipoiondoa pense kifua kikainuka tena, na mtoto akasema kwa sauti ileile ya siku zote, "Mama, nenda polepole."

Koko alikuwa mlangoni, mkono mdomoni.

"Mama Aicha," alinong'ona. "Umefanya nini na saa ya mwanangu?"

"Niliitengeneza, mama."

"Nilikukataza."

"Ndiyo, mama."

"Nimuite Mwalimu Iliasi?"

Djamila alikuwa ameigeuza saa, hajaondoa jicho kwenye kile kioo, na kabla hajajibu aliona kitu ambacho baba yake alimfundisha kukitambua hata akiwa upande wa pili wa barabara, kwa sababu watengenezaji wa saa hizi waliziwekea lugha yake: pile inapokaribia kwisha, mshale wa sekunde huacha kutembea mmoja mmoja. Husimama kidogo kama umesahau njia, kisha huruka nne kwa mpigo mmoja, husimama, huruka nne, ili mwenye saa ajue mapema na aende kwa fundi. Mshale ulisimama. Ukaruka nne. Na chini ya vidole vyake viwili, mkononi mwa mwanawe, palikuwa kimya, kimya, kimya, kisha mapigo manne pamoja.

"Mama," alisema Djamila, taratibu kabisa, "kimbia."

Mwalimu Iliasi alifika baada ya swala ya alasiri, mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi, anayeheshimika Kasongo kwa sababu hajawahi kumdanganya mtu kwamba amemtoa jini ambaye hakumtoa. Kwa kuwa Djamila alikuwa edani, Koko alitundika pazia katikati ya chumba. Huku mjane, kule mwalimu, na Aicha kwenye mkeka chini ya pazia, nusu huku nusu kule. Saa iliwekwa kando ya mtoto kwenye sahani nyeupe. Mwalimu alianza kusoma. Alisoma kwa sauti ndogo, alisoma akainua sauti, alipulizia maji akamnyunyizia mtoto, na kadiri alivyosoma harufu ya udongo ilijaa chumbani hadi Koko akafungua dirisha, na dirisha lilipofunguliwa mwanga wa jua uliingia ukafika nusu ya chumba ukakoma, ukawa hauendi mbele zaidi, ukaacha mkeka na pazia na mtoto kwenye kivuli kizito cha chini ya ardhi, na katika kivuli hicho saa ilikuwa inasema kimya, kimya, kimya, tik-tik-tik-tik, na Mwalimu akasita.

"Wewe uliye humo," alisema, "kwa jina la aliyekuumba, unataka nini kwa mtoto?"

Aicha alifumbua macho. Sauti ilikuwa yake, ya mtoto mwenye pengo, na hilo ndilo lililomfanya Koko ajikunje ukutani.

"Huyu sikumutaka," alisema. "Huyu ni kidogo. Anaisha."

"Basi toka."

"Nitoke niende wapi? Nilikuja kwa kubwa. Kubwa ilikuwa imejifunga." Kichwa cha mtoto kiligeuka polepole kuelekea upande wa pazia alikokaa mama yake. "Iko na machozi mengi. Yote iko mu tumbo, hata moja haijatoka. Mi nasikia baridi kule chini. Nilisikia ule mume akishuka anayabeba mapenzi ya mutu mukononi, kwa mukanda. Nikafuata."

Kisha mtoto akafumba macho.

Mwalimu alikohoa muda mrefu. "Mama Aicha," alisema kutoka upande wake wa pazia, "sikufichi. Kumtoa naweza. Lakini wa namna hii hatoki kwenda hewani, hutoka kwenda mahali, na nikimsukuma bila mahali atatoka na alichokishika. Huyu anakula huzuni. Ya mtoto imekwisha, sasa anaumaliza uhai wenyewe. Kuna dawa moja. Wewe ulie. Mlilie mumeo sasa hivi, uyatoe yote, akose cha kufuata, atarudi shimoni kwake. Lia, binti yangu."

Djamila alijaribu. Wallahi alijaribu. Alilitaja jina la Alimasi kwa sauti. Alijipiga kifua kama alivyoona wanawake wakijipiga. Alikaza macho hadi kichwa kikauma. Kifua kilikuwa kikavu kama ngoma, na upande wa pili wa pazia kimya kilikuwa kinarefuka, kimya, kimya, kimya, kimya, halafu tik-tik-tik-tik hafifu, halafu kimya.

Akaacha kujaribu. Akanyoosha mkono mezani, akashusha lile kopo la pile zilizokufa, akalimwaga mkekani. Akazichambua kwa kidole, nyingi, za watu wengi, mpaka akaipata ile yenye mkwaruzo wa sindano.

"Unafanya nini?" Mwalimu aliuliza aliposikia vyuma vikimwagika.

"Alikuja kwangu akakuta nimefunga," alisema Djamila. "Nafungua."

"Binti yangu, sikukwambia hivyo. Nimekwambia ulie umfukuze, sikukwambia umkaribishe!"

"Mutoto anaisha, Mwalimu."

Akaiweka pile ulimini, akafumba mdomo. Hapakuwa na kitu. Akaishikilia pale, akachukua saa kwenye sahani kwa mkono chini ya pazia, akaupapasa mkanda, na kidole chake kikaingia chenyewe kwenye lile tundu la pekee, lililo mbali na mengine, tundu alilolitoboa kwa sindano ya moto huku wakicheka, na hapo akauona ule mkono mwembamba ukinyoshwa mbele yake asubuhi, vinyweleo vyake, kovu dogo la panga karibu na kidole gumba, akaisikia ile "nifunge" na pikipiki ikinguruma nje, akakumbuka kwamba asubuhi ile ya mwisho alikuwa na haraka, alimfunga bila kumtazama usoni, na kwamba ule mkanda ulitoka chini ya mlima umefungwa vilevile alivyoufunga yeye, kwamba mlima wote umeanguka na fundo lake halikufunguka, mtu ndiye aliyetoka ndani yake, Alimasi, Alimasi wake, yuko chini ya udongo ule baridi bila sanda, na ndipo ulimi ukauma, ukauma kuliko pile yoyote iliyopata kuwa hai, ukaenda hadi kooni na kifuani, na kitu kilichofungwa muda wote ule kikapasuka na Djamila akalia, akalia kwa sauti ambayo hakujua anayo, machozi yakimwingia mdomoni juu ya ile pile, chumvi, chumvi kali, ladha ya kwanza aliyoipata tangu siku ya habari, na akafurahi kuwa inamuuma.

Halafu chumvi ikaondoka. Ikaanza kuwa tamu.

Upande wa pili wa pazia Aicha alipiga kelele. Ilikuwa kelele ya kweli, ya mtoto aliyekanyaga moto, na ilikuwa imechelewa. "Mguu! Mguu wangu! Mama weee! Baba! Namutaka baba!" Alijitupa, akavuta pazia likaanguka, na jua lililokuwa limekoma katikati ya chumba likaja likawafunika wote. Koko alikuwa anapiga vigelegele na kulia kwa wakati mmoja. Mwalimu Iliasi alikuwa ameinamisha kichwa, anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, anakohoa. Harufu ya udongo ilikuwa imeondoka. Ilibaki ya ndizi za jirani na vumbi la barabara.

Mtoto alimpandia mama yake mapajani, akamkumbatia shingoni, analia na kwikwi juu. Djamila alimzungushia mikono. Alimpiga piga mgongoni, taratibu, kama mama anavyompiga mwanawe mgongoni. Alijua kwamba hili ndilo alilokuwa analitaka, na kwamba ni jambo zuri. Machozi yalikuwa bado yako mashavuni mwake, yanapoa. Aliyafuta kwa upindo wa kitenge kwa sababu yalikuwa yanamwasha ngozi.

"Unaona, mama Aicha?" Koko alisema, uso umelowa. "Unaona Mungu? Mutoto analia!"

"Ndiyo, mama."

Saa ilikuwa bado mkononi mwake, nyuma ya mgongo wa mtoto. Aliitazama juu ya bega dogo lile lililokuwa linatetemeka. Mshale wa sekunde ulikuwa umeacha kuruka. Ulikuwa unatembea hatua moja, hatua moja, umetulia, sawasawa kabisa, kama wa saa iliyotiwa pile mpya sasa hivi. Djamila alijigusa kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akasikiliza, mapigo na mshale havikupishana, akaondoa vidole. Fundi anajua. Pile nzima, katika saa ndogo kama hii, hukaa miaka.

Aicha aliinua uso. Alikuwa na makamasi, macho mekundu, mzima. Alimtazama mama yake mdomoni, akaona kitu kinang'aa kati ya meno, akakitambua, na katikati ya kwikwi akakumbuka mchezo wao.

"Mama," aliuliza, "inauma?"

Djamila aliigeuza pile ulimini.

"Haiumi, mama," alimwambia mwanawe. "Iko tamu."